Papa amerudisha mpira

Leo Papa ameomba msamaha kwa sababu tumeshinda!

Kaka yangu Désiré anacheza besiboli na wenzake wa bandarini. Leo ilikuwa mechi ya tatu, ya kuamua nani anaingia fainali. Familia nzima tulikuwepo, Mama na sufuria yake ya pondu.

Désiré akaupiga.

Mpira ukapanda polepole, mweupe, juu kuliko kreni za bandari, kama hautaki kushuka. Halafu ukapita ukuta, ukapotelea nje.

Sisi watu wa futiboli tukashika vichwa. Eish, ameharibu!

"Papa Désiré, kimbia utafute mupira ya watu," Mama akamwambia Papa.

Papa akatoka mbio. Akarudi na jasho, ameushika kwa mikono miwili, akampa mwamuzi.

"Pardon. Mtoto hakufanya makusudi."

Kumbe uwanja mzima ulikuwa unacheza ngoma, tumeshinda!

Njiani nikamweleza Papa, kama Désiré alivyonieleza: ukiupiga mbali vile, unazunguka vituo vyote vya uwanja, unarudi pale ulipoanzia, na hakuna wa kukuzuia.

Tangu tukimbie kwetu Bukavu, Papa haulizi mambo mengi. Robot, taa ya barabarani, ilipowaka nyekundu pale Clairwood, akauliza:

"Unarudi kabisa pale ulipoanzia? Na watu wanakupigia makofi?"