Fuwele Saba za Tusekile

Siku ile ya Tunduma naikumbuka kuliko siku niliyovaa joho la kuhitimu, mwanangu. Kwa kuwa wiki ijayo unaanza kazi ya maabara, heri uisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Mimi na Tusekile tulisoma pamoja. Yeye ni wa milimani Ileje, mimi wa Iyula, na kule chuoni watu walituchukulia kama ndugu. Tulikuwa tunachunguza bakteria anayefanya ng'ombe watupe mimba, tuliyempata kwa wafugaji wa Momba. Mwalimu wetu alitaka tujue umbo la kimeng'enya chake kimoja, ili siku moja ipatikane dawa ya kukizuia. Sasa, umbo la kimeng'enya halionekani hata kwa hadubini. Unakisafisha, unakiweka kwenye matone ya maji ya chumvi, unasubiri kigande kiwe fuwele, kisha unaipiga fuwele eksirei. Bila fuwele huna kitu.

Kila mmoja alipewa sahani yake ya matone. Yangu niliitoa kabatini asubuhi, saa nne, mchana na jioni. Niliiinua, nikaiinamisha kwenye mwanga, nikajiuliza kama nilikosea kupima, nikairudisha, nikaitoa tena. Tusekile alifunika yake, akaandika tarehe, akaenda zake. Baada ya wiki tatu matone yangu yalikuwa na mashapo, kama maziwa yaliyokatika. Yake yalikuwa na fuwele saba, angavu, zenye kona kali, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Nilimpa hongera. Kisha mawazo yakaanza. Je, mwalimu alimpa kimeng'enya kisafi zaidi? Mbona alitabasamu aliponiambia pole? Wenzetu wakanipa jina la Bwana Mashapo. Tusekile aliwakemea, na hilo la kutetewa naye ndilo lililoniuma zaidi.

Mashine ya eksirei ilikuwa kwenye chuo kimoja huko kusini, mbele ya Zambia, nasi tulitengewa siku tatu tu. Mwalimu alimwambia Tusekile mbele yangu kwamba akirudi bila picha kamili, ufadhili wake unaishia hapo. Fuwele tukazifungia kwenye mirija ya kioo myembamba kama sindano, kila moja na mrija wake, tukailaza kwenye pamba ndani ya chupa ya chai isipate joto. Yeye akabeba chupa. Mimi nikapewa barua ya chuo ya kuonyesha mpakani, kwa sababu nilijulikana kwa kukagua karatasi mara tatu.

Tunduma malori yalikuwa yamefunga barabara. Afisa wa forodha aliitazama ile chupa, akacheka.

"Dada, chai gani hii inabebwa kama mtoto mchanga?"

Tusekile akamweleza habari za bakteria na kimeng'enya. Afisa akasema hajaambulia hata neno moja, labda aone barua.

Tusekile akanigeukia. Barua ilikuwa mfuko wa ndani wa koti langu. Niliigusa kwa vidole. Sikupanga kuharibu, mwanangu. Nilitaka tu aonje kidogo, dakika mbili, mtu anavyojisikia kazi yake inapomponyoka. Nikainama, nikaanza kupekua begi, nguo moja baada ya nyingine.

Watu walikuwa wengi nyuma yetu, na yule afisa hakuwa na kosa. Aliifungua chupa kama kazi yake inavyomtaka, akaimwaga pamba juu ya meza ya bati iliyokuwa juani. Mirija ikabingirika. Ndipo nikajifanya nimeipata barua. Aliisoma, akaomba radhi kwa heshima zote. Mirija minne ilikuwa imevunjika, na ndani ya miwili fuwele zilikuwa zimepasuka. Ilibaki fuwele moja.

Tulipopanda basi upande wa pili, Nakonde ya Zambia, Tusekile hakulia. Alinipa chupa.

"Shika wewe. Nimechanganyikiwa, nitaimalizia hii iliyobaki."

Niliipakata siku mbili.

Ile fuwele ilitoa nukta safi kwenye filamu, zile zinazoonyesha umbo, kwa saa chache, kisha eksirei ikaichosha, ikafa. Ndiyo kawaida yake; ndiyo maana mtu hubeba saba. Picha ikaishia nusu. Ufadhili ukakatwa kama ilivyosemwa.

Tulirudi hadi Tunduma pamoja, yeye akitafuta gari la Itumba, kwao Ileje. Hapo nikamwambia barua ilikuwa mfukoni.

"Muda wote ule?"

"Muda wote."

"Ungeniuliza tu ninavyofanya," akasema. "Sikuwa na siri. Mimi nilikuwa nayaacha tu matone yakae."

Akapanda gari bila kuniaga. Miaka imepita, anafundisha sekondari hukohuko milimani. Mimi naitwa daktari wa sayansi, na nikiitwa hivyo mbele ya watu, huwa nainamisha macho.

Mwanangu, wivu utakujia. Usijidanganye kwamba wewe ni mwema mno. Ukija, nenda kwa huyo unayemwonea wivu, umuulize alivyofanya, hata sauti ikikukwama. Usiukalie ukiuchunguza kutwa, maana utakuonyesha njia ndogo ya kuumiza, na utaiona ni ndogo kweli. Na kitu cha mwenzako kikiwa mikononi mwako, mpe saa ileile anayokihitaji.

Nenda na baraka zangu. Mungu akujalie watu watakaokuamini bila kukukagua, na akujalie uwe mtu wa kuaminiwa hivyo.