Wenye Hisa wa Mashineni

Ukitaka kumwona Harriet wa Busia akikasirika, mwambie kwamba hisa ni mambo ya watu wa tai na viatu vya kung'aa. Atazima mashine yake ya kusaga mahindi, ajifute unga usoni kwa pindo la leso aliyojifunga, kisha akuulize kama wewe umewahi kumiliki nguzo ya umeme. Yeye anazo. Si nguzo nzima, ni kijisehemu tu cha kila nguzo ya kampuni ya Mkondo, lakini kwake kijisehemu ni mali.

Hisa zenyewe alizinunua kwa hasira. Mashine ile ilikuwa inakula umeme vibaya, naye kila mwezi alilipa huku akisonya. Siku moja akasikia redioni kwamba Mkondo inawauzia hisa wananchi wa kawaida, na kwamba kila mwaka kampuni ikipata faida, mwenye hisa hupewa gawio lake. Harriet akasema, kama hawa watu wanakula kwangu, na mimi nitakula kwao. Akauza ng'ombe, akanunua. Tangu hapo umeme ukikatika majirani wanamjia yeye. "Mama Jonan, ambia watu yako warudishe," wanamwambia, naye badala ya kuwafukuza huwaomba radhi kwa niaba ya kampuni nzima, kwa uso wa mtu aliyekosa kweli.

Hakuwa peke yake katika mambo hayo. Jumapili ya kwanza ya mwezi, mashine ikiwa imezimwa, wenye hisa wanne walikutana pale pale kibandani na kukalia magunia ya pumba. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Herbert, mstaafu wa shule ya msingi, aliyechaguliwa kwa sababu anaongea polepole na watu hudhani anafikiri. Barbara alikuwa binti wa upande wa Kenya wa mpaka, wakala wa forodha, ambaye bei za soko la hisa zilikaa kwenye simu yake na simu yake ilikaa mkononi. Wa nne alikuwa Obore, Mjapadhola wa Mukuju, mkulima wa karanga aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha saruji Tororo na aliyefiwa na mke miaka mingi.

Obore alikuja na pikipiki yake kuukuu kutoka huko mbali. Alifika kabla ya wenzake na aliondoka wa mwisho, eti anaangalia mkanda wa mashine kama haujalegea. Mkanda ule ulikazwa mpaka ukataka kuomba msamaha. Hakuwa msemaji, lakini akisema jambo alimtazama Harriet kwanza, kuona kama limekaa sawa. Mwanzoni Harriet hakumwona sana. Baadaye alijikuta anapika chai ya maziwa Jumapili ya mkutano, na siku nyingine ya rangi. Baadaye tena alianza kusukwa nywele Jumamosi inayotangulia. Hakuna haja ya kuzunguka: alimpenda. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye wajukuu, alikuwa akihesabu wiki hadi mkutano wa hisa.

Tatizo ni kwamba alikaa kwenye boma la marehemu mumewe, na kibanda cha mashine kikiwa humo humo, na mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa Moses, shemeji yake. Moses si mtu mbaya. Mumewe alipokufa, ni Moses aliyewazuia ndugu wasimnyang'anye mashine, na Harriet hajasahau. Lakini kila mwanaume akiingia bomani, Moses aliuliza kwa adabu kabisa amekuja kwa jambo gani, na jambo lilitakiwa kuwepo. Kwa Obore jambo lilikuwepo. Amekuja kwa hisa. Moses aliziheshimu hisa kama watu wanavyoheshimu dawa wasiyoijua, akaitikia kwa kichwa na kurudi ndani.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka huu, Barbara alipoingia kibandani anahema.

"Kuna kampuni ya nje inataka kununua Mkondo yote," alisema. "Inalipa wenye hisa wadogo bei ya juu kuliko ya soko. Hiyo bei ni poa, wazee wangu. Tukilala tutaachwa kwa mataa."

Mwalimu Herbert aliuliza gawio la mwaka huu litakuwaje. Barbara akaeleza kuwa gawio limekuwa likipungua, kwamba pesa nyingi zinakwenda kwenye nyaya mpya, na kwamba anayeuza sasa anaondoka akicheka. Mwalimu akafunga macho, akayafungua, akasema anaona busara ya kuuza.

Harriet akapiga hesabu yake mwenyewe. Wakiuza, hisa hakuna. Hisa zikikosekana, mkutano hakuna. Na bila mkutano, Obore ataingia vipi bomani, na Moses ataambiwa nini? Akaanza kutetea Mkondo kwa nguvu ambazo hata mkurugenzi wake hana.

"Mimi nasema tukae na hii hisa," alisema. "Pesa ya kuuza unakula mara moja, nakwisha. Lakini gawio nakuja kila mwaka. Na watu nazidi kuweka umeme. Hata Dabani ndani kule, nyumba ya nyasi iko na taa. Nani atalipa hiyo umeme yote kama si wao, na nani atakula kama si sisi?"

"Mama, sawa, lakini hesabu haikubali," Barbara alisema kwa upole.

"Hesabu yako na yangu hapana moja."

Mwalimu akasema wapige kura ili dalali wao wa hisa apelekewe neno moja. Wanaotaka kuuza wainue mkono. Ikainuka mikono miwili, wake na wa Barbara. Wanaotaka kubaki? Harriet akainua wake juu kabisa, akamgeukia Obore. Miaka yote Obore ndiye aliyekuwa akisema hisa haziuzwi ovyo, mtu huzikalia. Sasa alikuwa anatazama viatu vyake, mikono yote miwili juu ya magoti.

Harriet alishusha mkono wake taratibu. Iliuma, tena iliuma pale alipokuwa hajui kuwa pana mahali pa kuuma. Alidhani ameelewa jibu: mtu huyu amechoka na safari, na amepata njia ya kuziacha.

"Mzee Obore, tunakungoja," Mwalimu alisema.

"Mimi hapana mkono ya kuinua," Obore alisema. "Hisa yangu niliuza."

"Uliuza lini?"

"Ule mwaka Awor, binti yangu, nazaa kwa kupasuliwa. Dalali alinipatia pesa, nikalipa hospitali. Mtoto sasa nakimbia."

Mtoto wa Awor walimjua wote, maana babu yake alileta habari zake kila mwezi. Alikuwa ameshaota meno na kuanza kuvunja vikombe.

"Lakini mwaka jana gawio lilipoingia ulitununulia soda na nyama," Barbara alisema. "Ulisema lako limeingia."

"Ilikuwa karanga," Obore alisema. "Niliuza karanga."

Mwalimu Herbert, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuuliza maswali, aliuliza lile ambalo mtu mwingine angelimeza. "Sasa kama huna hisa, mzee, miezi yote hii umekuwa ukija huku kufanya nini?"

Obore alivua kofia. Alimtazama Harriet kwanza, kama kawaida yake.

"Nakuja kuona Mama Jonan," alisema. "Sikuwa na sababu ingine."

Mwalimu aligundua ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea. Barbara naye akasema mpakani kuna foleni siku za Jumapili, heri awahi. Alikuwa ameshafika mlangoni Harriet alipomwita.

"Barbara, mwambie dalali auze na zangu."

"Una uhakika, Mama? Si umesema—"

"Nilisema kwa sababu yangu. Uza."

Walipobaki wawili, Harriet alimkasirikia kidogo, kwa kuwa ilibidi. Alimwambia amewadanganya wenzake kwa miaka miwili, amejichosha barabarani kwa jua na mvua, na kama pikipiki ile ingemwangusha, yeye Harriet angeambiwa na nani? Angelia kama nani yake? Obore alisema alikosa, na kwamba alijaribu kukaa nyumbani mwezi mmoja, akashindwa.

"Bei ya Mkondo mimi siijui hata leo," Harriet alisema. "Barbara akisoma, mimi nakuangalia wewe."

Akamshika mkono, mara ya kwanza. Ulikuwa mkono mgumu.

Kisha akajifunga leso vizuri. Jua lilikuwa bado liko juu na watu wa boma wote walikuwa nje, wanawake wakipeta mtama, watoto wakigombania mpira wa makaratasi. Harriet alitoka kibandani akiongozana na Obore, si mbele yake wala nyuma yake, wakaupita uwanja wote huku mazungumzo yakififia moja baada ya jingine. Moses alikuwa kibarazani kwake. Aliwaona wakija, akasimama, akaanza kuuliza swali lake la siku zote.

"Shemeji," Harriet alimtangulia, "huyu ni Obore wa Mukuju. Leo hakuja kwa hisa."

Moses alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Halafu akamwambia mkewe alete viti viwili, avipange kimoja karibu na kingine.