Mwana Mkubwa wa Bwana wa Bahari

Watu wa Saigon wanadhani mji wetu wa Vung Tau hufungwa wao wakiondoka. Shule zikikaribia kufunguliwa, wanakunja mataulo, wanatupungia mikono kwa huruma, kana kwamba sisi tunaingia kulala mpaka likizo ijayo. Hawamjui Thoa.

Thoa hana msimu. Joto likikaza, anakodisha maboya ya mpira na viti vya turubai pale Ufuko wa Nyuma. Mvua zikianza, maboya yanapanda juu ya kabati, na yeye anauza makoti ya plastiki kwa wanaopanda mlima kwenye sanamu ya Yesu, watu ambao kila mwaka hushangaa kwamba mvua inalowesha. Upepo ukigeuka, anauza vishada. Mwaka mpya wa Tet ukifika na watu kufurika mpaka mchanga hauonekani, anafanya yote kwa mpigo, na bado anapata nafasi ya kunitukana kwa sababu foleni ya wanunuzi wa vikate vyangu vya mchele na kamba wa baharini inaziba viti vyake. Vibanda vyetu vimepakana. Nimekaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu, na nimegombana naye zaidi pia.

Baba yake alikuwa mvuvi. Alitoka siku moja, Thoa akiwa bado msichana wa shule, hakurudi, wala chombo chake hakikuonekana. Mama yake alikataa katakata kusema kwamba mumewe amekufa. Hakuna aliyefunga kitambaa cha msiba kichwani, hakuna picha iliyowekwa kwenye madhabahu ya marehemu pale nyumbani, na kila jioni bakuli la wali liliwekwa mezani likimngoja mwenyewe. Mama alizeeka hivyo, akafa hivyo. Thoa alimuuguza mpaka mwisho, na wachumba wakapita zao. Bakuli aliendelea kuliweka, nadhani kwa mazoea tu.

Halafu kuna Kham, mgane anayekodisha baiskeli za watu wawili. Kila asubuhi alipita mbele ya vibanda vyetu amekaa kiti cha mbele, cha nyuma kitupu.

"Kham, hicho kiti umemwekea nani, jini?" Thoa alikuwa akimpigia kelele.

"Nimekuwekea wewe, ila naogopa tairi litapasuka!"

Walitaniana hivyo miaka na miaka, mpaka nikachoka mimi msikilizaji. Nilipowaambia waoane watupumzishe, wakaangalia chini wote wawili. Harusi ikapangwa mwisho wa mvua, wakati wageni ni wachache.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Thoa alikwenda ufukweni mapema kuzoa takataka zilizoletwa na mawimbi, akamkuta nyangumi mchangani, amekufa.

Nyangumi kwetu si samaki. Ni Bwana wa Bahari, anawabeba wavuvi wanaozama, na akija kupumzika ufukweni anazikwa kwa ngoma na ubani kama mzazi. Aliyemwona kwanza ndiye mwanawe mkubwa wa kiume, hata akiwa mwanamke, na atabaki msibani miaka mitatu, mpaka mifupa itakapofukuliwa na kuingizwa hekaluni. Na aliye katika msiba wa baba haolewi.

Nilipofika na ndoo yangu ya unga wa mchele uliokorogwa, Thoa alikuwa amesimika mwavuli wake mkubwa juu ya yule Bwana. Hakuwa mkubwa sana, urefu wake ni kama meza zangu mbili zikiunganishwa. Nilielewa papo hapo, nikaitua ndoo.

"Kuna mwingine aliyemwona?" niliuliza.

"Hakuna."

"Basi nimemwona mimi. Sikia, Thoa. Mimi nina mume, nina wajukuu, msiba wa miaka mitatu utanipunguzia nini? Nenda nyumbani ukapake nywele dawa. Urudi baadaye ushangae na wenzako."

Hakusogea. Alikuwa anamfuta yule Bwana mchanga kwenye jicho kwa pindo la shati lake.

"Dada Cuc, sijawahi kumvalia baba msiba."

"Huyu si baba yako!"

"Najua. Nilitaka kulia siku ile, mama akanizaba kofi. Akasema nikilia nitamuua baba. Sijalia mpaka leo."

Nilipandwa na hasira. Nilimkasirikia marehemu mama yake, nikamkasirikia na Bwana wa Bahari mwenyewe: ufuko wote huu, aje kulala mbele ya viti vya Thoa!

"Na Kham je? Utamwambia nini? Wajane wa sokoni wanamkodolea macho tangu mkewe afe."

"Atangoja au hatangoja," alisema, akizidi kufuta mchanga.

Watu walijaa upesi, wenyeji na ubani, wageni na simu zao. Mzee Ut, mtunza hekalu, akaja na wazee wenzake na bahasha ya vitambaa vya msiba. Yeye naye alikuwa amealikwa harusini.

"Nani kamwona kwanza?"

Nilifungua kinywa. Thoa akaniwahi: "Mimi."

Mzee Ut alikinga kiganja sikioni. "Mwanangu, masikio yangu haya mabovu, sijasikia vizuri. Nauliza tena. Nani kamwona kwanza?"

"Mimi, baba mkubwa. Hata ukiuliza mpaka jioni."

Basi akamfunga kitambaa. Fundo lilipokazwa tu, Thoa akalia. Hakulia kama mwanamke mwenye mvi anayeheshimu watu waliomzunguka. Alilia kama mtoto wa shule, kwa sauti, makamasi yakimtiririka, akiita baba, baba. Nami nililia, sioni haya kusema.

Kham alifika akisukuma baiskeli yake, watu wakampisha.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli," Thoa alisema. "Kham, usiningoje kwa kunihurumia. Nimechagua mwenyewe."

Kham alijikuna shingo. Akaiegemeza baiskeli kwenye kibanda changu, akamgeukia Mzee Ut.

"Nipe na mimi kitambaa."

"Cha nini? Wewe hukumwona."

"Thoa kafiwa na baba. Mkwe havai?"

Kwetu kitambaa cha mkwe hakifungwi kichwani mwa mtu hivi hivi. Ukishakivaa mbele ya watu, wewe ni wa nyumba ile, na hakuna atakayekuuliza tena habari za karamu ya harusi.

"Mkwe?" Mzee Ut alisema. "Mkwe tangu lini?"

"Tangu utakaponifunga."

Mzee Ut aliwageukia wenzake. Mmoja akakohoa, mwingine akatazama bahari. Hakuna aliyesema hapana. Kham akainama, kwa sababu ni mrefu, na Mzee Ut akamfunga. Thoa alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Tulimzika Bwana nyuma ya hekalu siku iliyofuata. Jioni ile Thoa aliitoa picha ya baba yake kabatini, akaiweka madhabahuni, na lile bakuli la wali akaliweka mbele yake.

Kesho yake mvua ilikatika, nikawasha jiko. Mgeni mmoja wa Saigon, mashavu yamejaa vikate vyangu, aliniuliza huku kwetu kuna nini cha kutazama kipindi hiki cha mvua. Nikamwonyesha barabara ya ufukweni kwa koleo. Kham alikuwa anakanyaga pedali, kitambaa cha mkwe kichwani, na kwenye kiti cha nyuma alikaa Thoa na cha kwake, amebeba furushi la makoti ya plastiki, anamfokea apunguze mwendo.

"Wamefiwa?" mgeni aliuliza.

"Wamefiwa," nikamwambia. "Na wameoana."