Sombe ya Mama wa Ghorofa ya Tano

Kabla ya korona sikuwa mtu wa kwenda dukani. Nilikuja Stockholm kusoma, nikaoa, nikapata kazi ya kompyuta, na kwa miaka yote hiyo chakula kilifika kwenye friji yetu hapa Hallonbergen bila mimi kujua kimepita njia gani. Mke wangu ndiye aliyenunua. Yeye ni muuguzi msaidizi katika makao ya wazee, na akitoka kazini alipitia dukani, akaingia nyumbani na mifuko, nami nikauliza tunakula nini.

Ugonjwa ulipoingia mjini, mambo yakabadilika kwa jioni moja. Mke wangu alirudi kutoka kazini, akanawa mikono hadi viwikoni, akaketi mwisho wa meza, mbali nasi.

"Kuanzia leo mimi siingii dukani," akasema. "Wazee wangu wakiupata ugonjwa huu, sitaki uwe umetoka kwangu. Wewe unafanyia kazi hapa jikoni, humwoni mtu. Wewe ndiye mnunuzi wa nyumba hii."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sweden haikufungia watu majumbani kama nchi nyingine, na ndugu zetu Kenya walipiga simu wakishangaa kwamba bado tunatembea barabarani. Lakini masharti yalikuwepo, na tuliombwa tuyafuate kama watu wazima bila kusukumwa na polisi. Nenda dukani peke yako. Usiende kila siku. Kaa mbali na mwenzako. Usipande treni kama hulazimiki. Ukisikia hata mafua kidogo, baki nyumbani. Na waliotimiza miaka sabini wasiingie madukani kabisa. Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliyaandika yote kwenye karatasi akayabandika mlangoni mwa friji. Kila nilipovaa viatu, sauti yake ilitoka chumbani kwa Kiswidi: "Pappa, avstånd!" Yaani, baba, usiwasogelee watu.

Mtu wa miaka sabini na zaidi tuliyemjua katika jengo letu alikuwa mmoja, mama Mrundi aliyekaa peke yake ghorofa ya tano, juu yetu kabisa. Tulikutana naye kwenye lifti siku za Jumapili, sisi tukienda kanisani kwetu na yeye kwake. Tulijua kwamba wanawe wako Kanada, na kwamba hataki kusaidiwa kubeba mfuko wake. Zaidi ya hapo tulisalimiana tu.

Nilipanda ngazi, nikabonyeza kengele yake, nikarudi nyuma hatua tano. Akafungua mlango.

"Mbona umesimama huko kama mwizi?" akauliza.

"Ni masharti, mama. Nimekuja kukwambia usiende dukani. Mimi nitakununulia."

"Nani amekwambia mimi ni mzee?"

"Serikali, mama."

"Serikali inajua miaka yangu?"

"Inajua ya kila mtu."

Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaingia ndani, na kabla sijahesabu hadi kumi alikuwa amerudi na bahasha kuukuu iliyoandikwa orodha nyuma yake. Nadhani orodha ile ilikuwa tayari tangu jana yake, ikingoja tu mtu wa kubonyeza kengele. Aliiweka sakafuni, akarudi ndani, nami nikaenda kuiokota.

Maandishi yake yalikuwa makubwa na safi. Ndizi za kupika. Maharage. Mafuta ya mawese. Ndagala, ambayo nilikisia kuwa ndiyo dagaa, yaani omena yetu. Na mwisho, amepigia mstari mara mbili: sombe.

Sikujua sombe ni nini, na niliona haya kuuliza. Kiswahili chetu hapa Stockholm ni cha watu wa kila upande, kila mmoja amekuja na maneno ya kwao, na Mkenya huwa hapendi kuonekana hajui. Nilimpigia rafiki yangu wa zamani wa chuo, anayeishi Tumba, akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni mboga za majani. Basi. Katika duka kubwa la karibu nikakuta mchicha wa Kizungu uliogandishwa, wa kijani na wa majani. Nikachukua pakiti mbili, nikaenda kuziacha mlangoni kwa mama pamoja na vitu vingine, nikarudi nyumbani nikijisikia bingwa.

Kesho yake simu ikalia.

"Mwanangu," mama akasema, "majani yako nimeyapika kwa saa mbili. Nimefunua sufuria, nimekuta maji. Yamekwenda wapi?"

"Mama, si ndiyo sombe?"

Akasema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Sombe ni majani ya muhogo. Yanatwangwa. Yanapikwa nusu siku na hayakimbii. Na ndizi zile ulizichagua ukiwa umefumba macho?"

Akanielekeza duka la vyakula vya kwetu, mbali kidogo, huko Hjulsta. Kwa treni ya chini lingekuwa jambo jepesi, lakini treni ndiyo tuliyoombwa tuiache. Nikatoa baiskeli ya mke wangu kwenye ghala la chini, nikavaa kofia ya binti yangu yenye vipepeo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwepo, nikashika njia ya Rissne, Rinkeby na Tensta, upepo wa Aprili ukinipiga usoni. Nilifika nikihema.

Duka lilikuwa dogo, na mlangoni kulikuwa na karatasi: watu wanne tu ndani kwa wakati mmoja. Nje, mwenye duka, mama Mkongo mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa amebandika vipande vya utepe wa njano kwenye lami, kila kimoja mbali na kingine, na kila mteja alisimama kwenye chake. Nikasimama kwenye cha tisa. Na kwa sababu sikutaka kuaibika tena, nikamuuliza dada aliyekuwa mbele yangu.

"Samahani dada, sombe iliyo nzuri inakuwaje?"

Kwa umbali ule ilibidi nipaze sauti, na kwa kuwa nilipaza sauti, kila mtu alisikia.

"Unataka sombe?" dada akageuka. Alikuwa Mtanzania. "Sema kisamvu, kaka. Weka nazi."

"Nazi?" akalia baba mmoja kutoka mbele. "Sombe na nazi? Weka karanga!"

"Karanga na mawese," akasema mwingine, Mnyarwanda. "Na nyama, kama Mungu amekujalia."

"Kwetu ni pondu," mwenye duka akaitikia kutoka mlangoni, "na hakuna cha nazi. Et vous, monsieur, usitoke kwenye utepe wako!"

Yule wa karanga alikuwa ameanza kusogea ili aeleweke vizuri. Akarudi kwenye utepe wake, akaendelea kubishana akiwa palepale, akirusha mikono. Tulikaa kwenye foleni ile karibu saa nzima na hakuna aliyelalamika. Nilikuwa sijacheka na watu kwa wiki nyingi. Kila mmoja alikuwa ametoka kwenye nyumba yake iliyonyamaza, na sasa tulikuwa tunapigiana kelele kuhusu majani ya muhogo, hakuna aliyemgusa mwenzake.

Zamu yangu ilipofika nilipaka dawa mikononi, nikaingia, nikachukua nilichokuja kuchukua bila kupapasapapasa. Mwenye duka alinichagulia ndizi mwenyewe kwa mikono yenye glavu. Niliporudi, mama alifungua pakiti ya sombe palepale mlangoni mwake, nami nimesimama kwenye ngazi. Akainusa.

"Sasa umesoma," akasema.

Tukawa hivyo tangu siku ile. Kila Jumanne asubuhi, duka likiwa halijajaa, nilikwenda Hjulsta kwa baiskeli. Nilikuwa na orodha mbili, yake na yetu, nimezipanga kwa kufuata rafu ili nisizunguke. Jioni mama aliweka kigoda ndani ya mlango wake, mimi nikakaa ngazini, na tukazungumza. Alinieleza alivyokuwa akiuza vitenge sokoni Bujumbura. Nilimweleza mambo ya kompyuta, naye akasikiliza kwa adabu.

Kisha, Novemba, nikaamka na koo linawasha.

Haikuwa kitu kikubwa. Kichwa kidogo, joto kidogo. Ilikuwa Jumanne, na nakumbuka nilikaa ukingoni mwa kitanda nikijiambia kwamba naweza kwenda haraka na kurudi, nimevaa barakoa, nani atajua? Mama alikuwa amebakiwa na mchele mtupu. Mke wangu alinitazama kutoka mlangoni.

"Hata usifikirie," akasema.

"Sijafikiria."

"Uso wako umefikiria."

Nikampigia mama simu kumwambia siendi, wala mke wangu, na kwamba hatutapanda hata ngazi zake hadi tupone. Niliona haya kama mtu aliyevunja ahadi. Yeye akaniuliza tu, "Una supu?" Nikasema hatuna. "Basi lala," akasema, akakata simu.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Kwenye ubao wa matangazo wa jengo letu, tangu majira ya kuchipua, kulikuwa na karatasi ya jirani wa ghorofa ya kwanza, mama Mswidi wa miaka hamsini hivi mwenye mbwa mweusi, aliyeandika kwamba yuko tayari kumnunulia vitu yeyote asiyeweza kutoka. Miaka minane tulikuwa tumeishi naye na hatukuwahi kuvuka salamu. Nadhani hakuna aliyewahi kumpigia. Mama wa ghorofa ya tano, kwa Kiswidi chake cha maneno mia mbili, akampigia.

Jirani yule hakwenda kwenye duka kubwa la karibu. Mama alimwambia Hjulsta, naye akaenda Hjulsta, kwa gari lake, na orodha ya Kiswahili mkononi. Mwenye duka alinisimulia kwa furaha kubwa jinsi Mzungu alivyosimama kwenye utepe wa njano, akainua karatasi juu kama anayempokea mgeni uwanja wa ndege, akauliza foleni nzima, "Sombe?" Na foleni nzima ikamjibu. Alirudi akiwa ameambiwa karanga, nazi, mawese na nyama, na akiwa ameandika yote.

Saa tisa mchana kengele yetu ililia. Nilipofungua hakukuwa na mtu, ila mifuko miwili sakafuni, na chini kwenye ngazi jirani alikuwa amesimama na mbwa wake. Akanipungia mkono. Ndani ya mifuko kulikuwa na kuku, karoti, tangawizi, na mikate ya mdalasini aliyooka mwenyewe. Siku mbili baadaye kengele ikalia tena, jirani tena, safari hii na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mama alikuwa amepika sombe, akaiacha mlangoni mwake, jirani akaiteremsha.

Binti yangu alikula sahani mbili. "Gott," akasema, tamu, na kwake hilo ni hotuba.

Mke wangu na binti yetu nao waliugua, lakini tulipona sote watatu, na wazee wa mke wangu hawakuambukizwa na sisi. Wengine hawakubahatika, na ninalisema hilo nikijua. Majira ya joto yaliyofuata mama alikuwa amechanjwa mara mbili. Asubuhi moja alishuka na mkoba wake mweusi, amevaa kitenge cha Jumapili, akasema anataka kuliona duka hilo kwa macho yake. Jirani akatupeleka kwa gari, madirisha yote wazi.

Alikaa ndani zaidi ya saa moja. Karatasi ya watu wanne ilikuwa bado mlangoni, kwa hiyo jirani na mimi tukangoja nje kwenye benchi, tukila sambusa, mbwa akitutazama. Kupitia kioo tulimwona akishika ndizi moja, akiirudisha, akishika nyingine, na mwenye duka akimfuata kwa nyuma na chupa ya dawa ya mikono. Tulisikia neno nazi, kisha neno karanga, kisha vicheko.

Alipotoka alikuwa na mfuko mmoja, na alinipa niubebe.