Sauti yangu ilikataliwa, ya Mama Zawadi ikavuka mpaka: simulizi kutoka Nakivale

Wakuu, amani iwe nanyi.

Mimi humu ni msomaji tu, nacheka na maneno yenu kisha nalala. Leo naomba mnivumilie nami nisimulie. Mungu ananiona, sitaongeza chumvi.

Majina nimeyabadilisha. Nchi niliyotoka siitaji, ingawa wajanja mtaikisia kwa namna ninavyoandika. Njia tuliyotumia haitumiki tena, na wahusika wameniruhusu.

Twende taratibu.

Mimi ni mzee, naishi kambi ya Nakivale, Uganda. Nyumbani nilikuwa katekista. Nilifundisha watoto, baadaye nikafundisha watoto wa hao watoto. Nilipokimbia nilitoka na rozari na shati la mwilini. Namshukuru Mungu, hapa nalima maharage na bado nafundisha.

Kule nyumbani alibaki binti yangu wa ubatizo. Nimwite Binti.

Yeye na wanawake wenzake wa sokoni walikuwa na kazi moja. Mtu akichukuliwa na asirudi, wao wanazunguka vijijini kukusanya jina lake na mahali alipochukuliwa, wanatuma nje ya nchi ili dunia ijue. Kule kazi hiyo inaitwa usaliti.

Chombo chao ni simu. Na simu hiyo hiyo ndiyo inayowamaliza, kwa sababu kwenye vizuizi vya barabarani askari anaichukua na kuipekua ukiwa umesimama hapo.

Mwenzao mmoja alipekuliwa hivyo. Picha na majina yote yalikuwa bado ndani. Hakufika nyumbani.

Binti akaniandikia: "Baba, tutafutie mtu wa kutufundisha. Anayefuata kupita pale ni mimi."

Hapa anaingia Madam Apophia, mwalimu wa kompyuta kule Mbarara. Huwa anasaidia watu wa kazi hii: application gani ni salama, ujumbe unajifutaje, simu inafungwaje. Tatizo masomo yake yote ni ya Kiingereza, na wenzake Binti wengi hawasomi. Tukakubaliana tufanye audio fupi kwa Kiswahili, maana soko lao liko karibu na ziwa na biashara yote pale ni Kiswahili.

"Mzee, wewe iko na sauti ya padri," Madam Apophia akaniambia. "Wewe utasema, mimi nitarekodi."

Basi nikaenda Mbarara. Chumba chake kiko upande wa barabara ya Ibanda, akaegemeza magodoro ukutani ili kelele zisiingie. Zikaingia. Kila lori la maziwa likipita kutoka Bwizibwera tunanyamaza, linapita, tunaanza upya.

Lakini nilifundisha, wakuu. Ujumbe unaojifuta niliueleza kwa mfano wa kitubio: ukishatamka na padri akasikia, umekwisha, hakuna anayebaki nao mfukoni. Nikasema tuma kwanza, futa, ndipo ushike njia. Niliposikiliza nilijipenda kidogo.

Madam Apophia akataka tujaribu kwanza kwa watu wasiojua mambo ya kompyuta. Tukaenda sokoni Base Camp, hapa kambini, kwa Mama Zawadi, tukamweleza kazi ni ya nini.

Huyu ni Mkongo wa Kivu Kusini, anauza mawese na dagaa. Simu tukaiweka juu ya gunia la maharage, sauti juu. Mimi nikakaa nyuma ya madumu ya mafuta, kwenye kivuli.

Akapita mwanamume na baiskeli yenye mkungu wa matoke. Akasimama ghafla. Akavua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristo, Katekista."

Akaangalia huku na huku. Hamuoni mtu. "Katekista, uko wapi?"

Mama Zawadi alishika meza kwa kucheka. "Iko ndani ya telefone, kaka. Nunua dagaa kwanza, ndio atatoka."

Nikatoka, tukasalimiana. Ni mtu wa kilima cha jirani na chetu, nilimfundisha kipaimara. Hatukuwa tumeonana tangu nyumbani. Akafurahi, akaenda zake.

Madam Apophia hakucheka.

"Mzee," akasema polepole, "huyu amekujua na hata hajakuona. Sasa yule askari?"

Hapo nikaelewa. Maana hata baadhi ya wale vijana wanaosimama kizuizini, Baba Yetu niliwafundisha mimi. Na kule inajulikana nilikimbia kwa nini. Binti akikutwa na sauti yangu kwenye simu, hawahitaji ushahidi mwingine.

Kazi yote ikafutwa. Nikashika rozari, nikaanza kuihesabu.

Mama Zawadi ndiye aliyejitolea. "Miye kule hakuna mutu ananijua. Na mama wa Kongo mwenye kuuzisha mawese, sauti yake iko kila fasi. Batasema ni biashara tu."

Nikamwambia, Mama, hili si jambo la mchezo.

"Papa Katekista, bwana yangu bamubeba, hakurudi. Hakuna mutu aliandika jina yake." Akapangusa meza. "Leta hiyo maneno."

Nikampa karatasi niliyoandika. Akasoma mistari miwili, akanirudishia. "Hii ni misa. Wacha niseme yangu."

Akaisema kwa namna yake. Audio inaanza na ugomvi wa bei. Madam Apophia alikuwa mteja, kila mara anasema, "Mama, punguza kidogo," naye anajibu, "Sipunguze." Wanavutana mpaka unachoka. Baada ya hapo ndipo somo linakuja, lote, kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa vizuri kuliko yangu. Mtu mwenye haraka hawezi kufika mwisho wa bei ya Mama Zawadi.

Tukaituma. Kisha nikabaki na kazi ninayoijua, kusali.

Siku ya Binti ikafika. Alikusanya majina, akayatuma akiwa huko huko kijijini, akafuta, ndipo akapanda gari.

Kizuizini wakaichukua simu. Ujumbe hakuna. Picha ni za vitenge. Wakafungua ile audio. Wakasikiliza, wakasikiliza, hadi mmoja akasema, "Huyu mama ni mgumu kuliko mke wangu." Wakamrudishia simu, akapita.

Miongoni mwa majina yale lilikuwa la mwenzao aliyekamatwa. Liliposomwa redioni huko nje, waliokuwa wanasema hawamjui wakakubali kwamba wanaye. Aliachiwa, akarudi kwa watoto wake. Si wote walirudi, sitawadanganya. Yeye alirudi.

Binti aliendelea na kazi hadi ilipobidi atoke. Juzi juzi alifika Mbarara, Madam Apophia akamleta kambini. Nilikuwa nimesimama mwanzo wa soko, nimevaa koti langu la Pasaka, mikono nimeifungua.

Alinisalimia kwa haraka, akasimama kama aliyeitwa. Mama Zawadi alikuwa ametupa mgongo, anabishana na mteja.

Binti akanipita. Mimi baba yake wa ubatizo. Akaenda mpaka kwenye meza, akasema:

"Mama, punguza kidogo."

"Sipunguze," Mama Zawadi akajibu bila kugeuka.

Kisha akageuka.

Wakuu, walivyolia wale wawili nawaachia wenyewe. Mimi nilishika gunia la maharage nikamshukuru Mungu, na mteja naye kwenye vurugu hiyo akapata punguzo.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kumsaidia mtu aliye kwenye nchi iliyofungwa, usianze na kile unachopenda kumpa. Anza na mkono utakaoishika simu yake njiani, ujiulize mkono huo utaona nini na utasikia nini. Mimi nilikuwa na nia njema na sauti nzuri, na vyote viwili vingemfunga.

Wenye uzoefu wa kazi hii, au wenye maswali, karibuni tuzungumze. Ombi langu moja: msiandike humu jina la mtu ambaye bado yuko ndani. Mwombeeni tu, Mungu anamjua.

Mimi nakwenda kupalilia maharage. Jioni nitawasoma.