Picha Iliyozama Kisimani

Juzi daktari alituonyesha eksirei ya mguu wa kaka yangu Twalib. Kipande cha mfupa kilikuwa kimefia ndani, akasema, ndicho kilichotunga usaha miaka yote hii.

Nikanusa tena alasiri ile ya utotoni, udi aliofukiza Mama ukishindana na harufu ya kidonda cha Twalib. Bahasha ya eksirei yake ya kwanza ilikuwa kitandani, ipelekwe kwa daktari kesho yake. Nikachungulia. Nikaona mguu hauna nyama, nikaamini daktari akiiona atamfanya Twalib vivyo hivyo. Nikaitosa kisimani.

Mama aliitafuta hadi akalia. Akaona haya kurudi kwa daktari mikono mitupu, akaendelea kumbandika Twalib manjano kidondani.

"Wakumbuka ile picha ya kwanza?" Twalib aliniuliza tukitoka. "Sijui ilipotelea wapi."

"Hata mimi sijui," nikamjibu, nikamshikia mkongojo.