Aliyefunga Bomba Ndiye Anayepanda

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya shamba la mkonge kule Pongwe, Msimamizi wa Karakana hakunipa spana. Alinisogelea, akanusa, akaniambia nirudi nyumbani nikaoge. Alfajiri ile mama alikuwa amenifukiza udi, kwa kuwa binti yake anakwenda kazini na lazima apendeze. Nilirudi Makorora nalia njia nzima. Kesho yake nikaenda nikinukia sabuni ya mche tu, ndipo Msimamizi akanieleza kwamba fundi wa mafuta hufanya kazi kwa pua, na pua iliyojaa udi haisikii petroli inayovuja.

Basi tangu siku ile, siku za kazi sikujifukiza. Harusini mashoga zangu walinisogelea wakanusa, wakaulizana huyu kaolewa na pipa la dizeli au na mtu. Niliwaacha wacheke. Mume wangu mwenyewe hakuwahi kulalamika, na waume zao walilalamika kwa mengine.

Msimamizi alikuwa mzee mkimya, Mbondei wa Muheza, na alikuwa na sheria moja tu. Ukishafunga njia ya mafuta, iwe ya lori au ya trekta, safari ya kwanza unapanda wewe, kiti cha pembeni ya dereva. Haijalishi una homa, haijalishi una harusi. "Aliyefunga bomba ndiye anayepanda," alituambia. "Mkono unaojua utapanda haukazi ovyo." Nyie vijana wa leo mnafunga gari la watu, mnampa mwenyewe ufunguo, mnamwambia nenda ukalijaribu. Sisi tungeona haya.

Kutoka shambani nikahamia gereji moja mjini, chini ya Fundi Mkuu, Mshambaa, Mlutheri aliyeimba tenzi za kanisani akiwa ameingiza kichwa chini ya boneti. Huko ndiko nilikojua magari ya turbo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi, nayo inashindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Ukiongeza mchele sufuriani bila kuongeza maji, utaunguza, na injini ni vilevile. Fundi Mkuu alipenda kusema kwamba watu wanadhani petroli kazi yake ni kuwaka, wakasahau kuwa inapoza pia. Ikipungua wakati turbo inasukuma, pistoni zinayeyuka, na hapo hakuna cha kufufua.

Kijana mmoja aliyeitwa Idi aliambiwa hayo mbele yangu. Alikuwa na gari dogo jeupe la turbo, akaongeza msukumo wa hewa bila kugusa mafuta. Fundi Mkuu alimwonya, Idi akacheka, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Kila jioni alipokuwa akirudi kutoka kazini Pongwe, mluzi wa turbo yake ulisikika Makorora nzima, na mama yake, Bi Mwanahawa, akiusikia tu alibandika chai. Idi akifika, kikombe kipo mezani. Injini ile ilimvumilia kwa rehema za Mungu. Aliyeondoka kwanza ni yeye mwenyewe, kwa maradhi, na gari likafunikwa turubai uani.

Miaka ikapita. Fundi Mkuu akastaafu akarudi kwao milimani, akaja Meneja wa Gereji, kijana aliyesomea mambo ya kompyuta za magari, mtu wa adabu. Nami siku zangu zilikuwa zinakwisha. Ndipo akaja Zuhura, mdogo wake Idi, akivuta gari jeupe kwa kamba. Aliniamkia shikamoo, kisha akaeleza shida yake. Mama yake alikuwa amezeeka, akasema anataka kuusikia mluzi ule tena. Lakini injini ilikuwa ileile aliyoifunga Idi kwa mikono yake, na mama alikuwa ametoa neno, ambalo Zuhura alinirudishia kama alivyopewa: "Ukiiua injini hiyo, utakuwa umemzika kakako mara ya pili."

Neno hilo lilinikaa kifuani. Gari lingeweza kutembea polepole bila taabu, lakini bila msukumo kamili halipigi mluzi. Na likisukuma bila mafuta ya kutosha, litakufa.

Tukaanza kazi. Nililishusha tangi, nikaikuta ndani petroli ya zamani imeganda rangi ya asali, nikasuuza mpaka maji yakatoka meupe, nikalikausha juani. Nikaweka pampu mpya yenye nguvu kuliko ya zamani. Nikabadilisha injekta, vile visindano vinavyonyunyiza petroli, nikaweka vyenye tundu kubwa zaidi. Nikafunga ragelata, kifaa kinachohakikisha presha ya mafuta inapanda kila hewa ya turbo inapopanda. Meneja akapanga kompyuta ikubaliane na injekta mpya. Kila jioni nilipofunga kazi, nilipitisha pua yangu kwenye kila kiungo, polepole, kutoka tangi hadi injini.

Siku ya kujaribu tulikwenda barabara ya shamba kule Pongwe, ileile niliyoanzia kazi, imenyooka katikati ya mkonge. Zuhura alishika usukani, mimi pembeni, na geji ya presha ya mafuta tumeibandika kwenye kioo mbele yangu. Turbo ilipoanza kuvuta, sindano ya geji ilipanda vizuri. Kisha ikasita. Kisha ikaanza kushuka.

"Achia," nikamwambia.

Akainua mguu papo hapo. Gari likaenda likasimama lenyewe. Zuhura alilaza kichwa kwenye usukani akalia, akasema pampu tuliyouziwa ni feki, na afadhali alifunike gari turubai lake kuliko kuliua. Sikumbishia. Tangu turbo ilipoanza kuvuta nilikuwa nasikiliza. Pampu ile, kila ilipotakiwa kutoa zaidi, sauti yake ilikuwa inalegea, inashuka, kama mtu anayesinzia akiimba. Pampu feki hukoroma tangu mwanzo. Hii ilikuwa na njaa.

Tuliporudi, Meneja akapima umeme unaofika kwenye pampu, akakuta ni pungufu. Waya ulikuwa ule wa zamani, mwembamba, wa pampu ndogo, na pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, bolti ilikuwa imeliwa na chumvi. Huo ndio ugonjwa wa magari ya pwani, hewa ya bahari haibagui. Tukavuta waya mnene kutoka kwenye betri, tukaweka rilei yake, swichi inayoipa pampu umeme wa betri moja kwa moja, nikakwangua bodi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu.

Meneja akanivuta pembeni. Wiki ile ndiyo nilikuwa nastaafu, magoti yangu mabovu, akaomba apande yeye.

"Umefunga wewe?" nikamuuliza.

Akacheka, akanifungulia mlango.

Safari ya pili siisahau. Mkonge ulikuwa ukipita pande zote mbili, safu baada ya safu, mpaka nikaona kama hauendi popote, ni sisi tunaoelea. Turbo ikaanza chini kwa chini, ikapanda, ikapiga mluzi ule. Sindano ya geji ya mafuta ikapanda nayo, haikusita, zikaenda sambamba mpaka mwisho wa barabara. Nilivuta hewa kwa pua. Hapakuwa na petroli, palikuwa na vumbi na majani ya mkonge tu. Nilifurahi hata nikaona aibu, mtu mzima mimi, machozi yananitoka. Nilimwona Msimamizi wangu pale kando ya barabara, marehemu, na suruali yake ya kaki, akinusa.

Tukaelekea Makorora. Tulipoiacha barabara kuu Zuhura akakanyaga kidogo, mluzi ukatutangulia mtaani. Watu walitoka milangoni. Bi Mwanahawa hakutoka. Tulimkuta ndani, mbele ya jiko la mkaa, birika linachemka, vikombe vitatu mezani. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza.

"Aliyefunga ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ulipanda?"

"Nilipanda."

Akamimina chai kwenye kikombe cha bati chenye ua jekundu, akanisogezea. "Kunywa," akasema. "Hiki ni cha Idi."

Nisikilizeni vizuri nyie mnaoanza. Pampu zitabadilika, magari yatabadilika, labda hata petroli yenyewe itatoweka. Lakini mtu akikukabidhi chombo, amekukabidhi na anayekingojea nyumbani. Panda ukajue.

Siku hizi najifukiza udi kila siku, mpaka mume wangu anapiga chafya. Jioni, Zuhura akirudi kutoka Pongwe, mluzi unafika kwangu kabla yake. Navaa baibui langu, natembea mitaa miwili. Nikifika, kikombe chenye ua jekundu kipo mezani, na chai bado ya moto.